"Njo vile alizaliwa": neno linaloficha ugonjwa

Maneno ya mama mmoja mwanachama, muuguzi mstaafu, katika mkutano wetu wa mwezi hapa Ruashi. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema.

 

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya bandugu wetu wenye ulemavu wa akili, na namna ya kuwatunza wanapougua kichwa. Nimekubali. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mnanijua, mimi ni muuguzi, nimevaa bluzi nyeupe miaka mingi. Kosa hili sikulifanya kazini. Nililifanya nyumbani, kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Wengi wetu hapa tulipita njia moja. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, tulivuka tukaingia Zambia. Wengine walifika Mwange, wengine Kala. Mdogo wangu alikuwa bado kijana mdogo. Mama alimzaa kwa taabu, siku mbili za uchungu, na mtoto alipotoka hakulia. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, na mpaka leo maneno yake unaweza kuyahesabu. Lakini mule kambini alikuwa mtu wa maana. Kila asubuhi alienda na ndoo kwenye pompi, akawachotea wamama wazee maji, akarudi, akaenda tena. Alijua nani atampa kipande cha muhogo na nani atamcheka. Kila mtu alijua jina lake.

Mwaka 2010, kambi zilipokuwa zinafungwa, tukarudi Pweto. Kiisha, vurugu na njaa zikatusukuma mpaka hapa Ruashi. Lupango ya kupanga, vyumba viwili, watu tisa. Pompi yake haiko, wamama wake wazee hawako, njia alizozijua haziko. Mwaka uleule mama yetu akakufa. Siku za kilio, mdogo wangu tulimpeleka kwa jirani "asisumbue watu". Tulipomaliza kuzika tukamrudisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mama ameenda wapi.

Miezi miwili nyuma yake akaanza. Usiku halali. Bukari anasukuma pembeni. Anajipiga ngumi shavuni, upande mmoja, mpaka uso unavimba. Siku moja akamuuma mtoto wangu mkono. Watu wa lupango wakaniambia: "Yaya, njo vile alizaliwa. Utamubadirisha na nini?" Na mimi, muuguzi, nikajibu: "Ni kweli. Njo vile iko."

Hilo ndilo kosa langu. Mdogo wangu hakuzaliwa anajipiga. Hakuzaliwa anakataa chakula. Miaka yote mule kambini hakumuuma mtu. Mimi nilikuwa namjua kuliko watu wote, na nikasahau nilichokijua.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Mjomba akasema, "Balimuloga." Akampeleka mahali pa maombi, sitasema wapi. Akakaa siku tisa, mguu mmoja umefungwa kamba, siku tatu bila kula. Sikukataa. Alirudi na kidonda mguuni, na kujipiga kumezidi. Tukaenda kutafuta dawa mahali pengine. Aliyetupokea alimwangalia kutoka mlangoni, akaandika kidonge cha kulaza, akaita mwingine.

Aliyetusaidia ni muuguzi kijana aliyekuja kwangu kwa shughuli zake. Alikaa chini kwenye mkeka, pembeni ya mdogo wangu, akamsalimu yeye kwanza. Kiisha akaniuliza maulizo mawili tu. La kwanza: "Ilianza wakati gani? Mbele ya ile alikuwaka namna gani?" Nikamweleza habari za pompi na ndoo. Akachukua taa ya simu, akamfungua kinywa polepole. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, fizi imejaa usaha. Upande uleule wa shavu alilokuwa anajipiga. Miezi mizima mdogo wangu alikuwa anatuonyesha kwa ngumi mahali panapouma, na sisi tulikuwa tunamfunga mikono.

La pili akauliza: "Mama yenu alikufa wakati gani? Nani alimwambia huyu?" Nikanyamaza.

Jino likang'olewa. Kujipiga kukaisha baada ya siku chache. Tukampeleka makaburini na kitambaa cha mama mkononi, nikamwambia kwa maneno mafupi: mama amekufa, mama iko hapa, hatarudi. Akakaa chini muda mrefu. Kiisha akalia, kilio cha kweli, mara ya kwanza. Lakini usingizi na chakula havikurudi vizuri. Basi tukafika kwa munganga wa magonjwa ya akili hapa mjini, akamtibu ile huzuni ambayo imekuwa ugonjwa. Ilichukua miezi. Leo anachota tena maji, kwa majirani wa Ruashi.

Bandugu, kutoka habari hii nataka mshike jambo moja tu. Mengine yote ninayosema leo ni matawi yake.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ulemavu wa akili unaanza mtoto akiwa bado tumboni, wakati wa kuzaliwa, ao katika miaka ya kukua. Akili inakwenda polepole: kusema, kujifunza, kuhesabu, kujitunza. Unaweza kutoka kwa uzazi wa taabu ambamo mtoto alikosa hewa, ao malaria iliyopanda kwenye ubongo, ao meninjiti, ao mama aliyekosa iodi katika chumvi alipokuwa na mimba. Mara nyingine mtoto alitungwa hivyo, kama wale wenye trisomi 21. Mara nyingi sababu haijulikani. Haina dawa ya kuuondoa, lakini mtu anajifunza, anafanya kazi, anapenda na kupendwa.

Ugonjwa wa akili ni kitu kingine. Unakuja, na mara nyingi unaweza kutibiwa: huzuni isiyoisha, woga unaomfunga mtu, kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, furaha ya kupita kiasi inayomnyima mtu usingizi siku nyingi. Mwenye ulemavu wa akili anaweza kupata magonjwa hayo yote kama mimi na wewe. Tena anayapata mara nyingi zaidi kuliko sisi. Angalia maisha yake: anachekwa, anapigwa, anahamishwa bila kuambiwa, ubongo wake mara nyingi uko na kifafa pia, na hana maneno ya kusema "ninaumia".

Ulemavu ule wa zamani unatupa kivuli juu ya ugonjwa mpya, na macho ya watu hayauoni. Jamaa wanasema njo vile alizaliwa, muuguzi naye anasema njo vile alizaliwa. Ndani ya neno hilo jino linaoza, ao mtu anakufa kwa huzuni.

Basi tuulize kila siku ulizo la yule kijana: ilianza wakati gani, na mbele ya ile alikuwaka namna gani? Kitu kikibadilika kwa mtu wako, kiko na sababu. Tuitafute kwa mpango.

Kwanza, mwili. Asiyejua kusema anasema kwa tabia. Angalia meno, masikio, macho. Uliza tumbo: amekwenda choo lini? Kufunga choo kunaweza kumgeuza mtu mpole akawa mkali. Pima malaria. Angalia mkojo kama unamchoma. Kwa msichana, andika siku za hedhi, labda hasira inakuja na maumivu hayo. Uliza tezi ya shingo pia, zaidi kwa wenye trisomi 21: ikifanya kazi kidogo, mtu anakuwa mzito, analala sana, na watu wanafikiri ni huzuni.

Pili, kifafa na dawa zake. Wengi wa watu wetu wako na ugonjwa wa kuanguka, na wengi wanakunywa fenobarbitali, ile tunayoiita Gardénal. Dawa hiyo imeokoa wengi, bei yake ni nafuu, siisemi vibaya. Lakini kwa mwenye ulemavu wa akili inaweza kumletea hasira na kutotulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni unashauri kwamba, mahali zinapopatikana, mtu kama huyo apewe karbamazepini ao valproati kuliko fenobarbitali. Valproati nayo haifai kwa msichana ao mwanamke anayeweza kupata mimba, juu inaharibu mtoto tumboni. Sasa nisikieni vizuri: usikate dawa ya kifafa wewe mwenyewe, hata siku moja. Ukiikata kwa ghafula, mtu anaweza kuanguka mfululizo na kufa. Nenda kwa aliyeiandika, umwambie: "Tangu aanze dawa hii, tabia yake imegeuka hivi na hivi." Yeye atajua kuibadilisha polepole.

Tatu, maisha. Sisi turudishwao tunajua maana ya kuhama. Mtu mwenye akili timamu akihama mara tatu anachoka. Sasa yule ambaye akili yake inategemea njia moja, ndoo moja, uso mmoja wa mama? Mwambieni mambo mbele hayajatokea. Kama mnahama, mpelekeni aone nyumba mpya. Kama mtu amekufa, mwambieni amekufa. Msiseme "amesafiri", juu atamngoja mlangoni kila siku. Aje kwenye kilio kama mtoto mwingine wa nyumba.

Katika maisha kuna jambo tusilopenda kulisema, na leo ninalisema. Wasichana wetu hawa, na wavulana pia, wanashikwa kwa nguvu. Anayefanya hivyo anajua hawatasema, na wakisema hawataaminiwa. Kama msichana alikuwa anaoga bila shida na sasa anaogopa kuvuliwa nguo, kama anamkimbia mtu mmoja wa lupango, kama anakojoa tena kitandani, usimpige. Uliza. Na kama ni jambo la siku hizi hizi, mfikishe hospitali haraka, kabla saa 72 hazijapita, juu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya muda huo. Usimwogeshe kwanza, na nguo zake zitunze.

Nne, ndipo tunafika kwenye ugonjwa wa akili wenyewe. Utautambua namna gani kwa asiyesema? Kwa alichoacha. Aliyekuwa anacheza ngoma ameacha. Aliyekuwa anakula ameacha. Analala mchana, usiku anatembea. Anaongea na kona ya nyumba, ambapo zamani hakuwa anafanya hivyo. Hali hiyo ikiendelea majuma mawili, usingoje la tatu.

Sasa, tunakwenda wapi?

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha kartye yako, ndani ya zoni ya afya ya Ruashi. Tangu 2008 Shirika la Afya Ulimwenguni liko na programu, mhGAP, ya kufundisha wauguzi na waganga wa kawaida kutunza magonjwa ya akili, kifafa na matatizo ya watoto wanaochelewa kukua. Si kila kituo kiko na mtu aliyefundishwa hivyo, lakini jino, malaria, mkojo na choo kila kituo kinaweza kuangalia. Msikubali kurudishwa mlangoni bila mtu kupimwa mwili.

Mlango wa pili, hapa Lubumbashi, ni Centre Neuropsychiatrique Joseph Guislain, ya Mabruda wa Upendo. Najua wengi wenu mnapita pale mnageuza uso, mnasema ni nyumba ya wazimu. Wacha niwaambie juu ya jina hilo. Guislain alikuwa munganga wa mji wa Gand, Ubelgiji, aliyezaliwa 1797. Siku zile wagonjwa wa akili wa Gand walikuwa wakifungwa minyororo chini ya ngome ya mawe. Padri Triest, aliyeanzisha Mabruda hao mwaka 1807, ndiye aliyewatoa mule, na Guislain akaja kuwa munganga wao, akawatibu kama watu. Basi kumbukeni: hata Wazungu walifunga watu wao kwa minyororo, mpaka mtu mmoja akasema basi. Sisi nasi tunaweza kusema basi.

Mkienda kwa munganga, msiende mikono mitupu. Nunueni kayé ndogo ya mtoto wa shule. Kwa majuma mawili andikeni kila siku: amelala saa ngapi, amekula nini, amekwenda choo ao hapana, ameanguka mara ngapi, hasira imekuja saa ngapi na nini kilitangulia. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa masomo. Ukurasa mmoja wa kayé hiyo utamsaidia munganga kuliko saa nzima ya kulia mbele yake. Mchukueni pia na kitu anachokipenda, na yule anayemjua vizuri ndiye aende naye. Siku ile hapana kutuma jirani.

Mkipewa dawa, ulizeni mambo manne. Ni ya ugonjwa gani? Tutaona badiliko lini? Inaweza kuleta ubaya gani? Tutarudi lini kuiangalia? Kama dawa ni ya kumtuliza tu, na hakuna aliyesema ugonjwa gani, ulizeni tena kwa heshima. Haloperidoli, kwa mfano, inafaa kwa anayesikia sauti. Lakini inaweza kumfanya mtu akauke mwili kama ubao, mate yanatoka, miguu haitulii. Mkiona hivyo, rudini mbio. Asiwe kimya mkafikiri amepona.

Neno fupi juu ya bulozi. Sikuja hapa kupigana na dini ya mtu, mimi mwenyewe ninaomba. Muombeeni mtu wenu, mukiwa naye, akiwa ameshiba na mikono iko huru. Lakini kamba, njaa na fimbo havimo katika maombi. Na sheria inasema. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto bulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu kwa anayemsingizia mtoto hivyo. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 iko sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, sheria nambari 22/003. Mtu wako si wa kuombewa huruma tu. Ni raia.

Ninamaliza. Chama chetu kinazikana, kinasaidiana kwa harusi na kwa kilio. Ninaomba vitu vitatu. Kwanza, katika kasha la kila mwezi tutenge kidogo kwa ajili ya taksi na fishi ya munganga, juu wengi wanakwama kwa bei ya njia tu. Pili, tupange zamu: kila juma mmoja wetu akakae nusu siku na mtu wa mwenzake, ili mama anayemtunza alale, ao aende soko. Yule mama naye ni mtu, naye anaugua. Tatu, neno lile, "njo vile alizaliwa", lisisikike tena katika mikutano yetu isipokuwa kwa kicheko.

Na liko la nne, ambalo halikuwa katika karatasi yangu. Najua lupango moja, si mbali na hapa, kuna msichana aliyefungwa kamba mguuni tangu mvua za kwanza. Sitasema ni wapi, na ninyi mnaojua, nyamazeni. Mzazi wake iko hapa kati yetu, na najua hakumfunga kwa chuki. Alimfunga kwa woga, juu barabara iko karibu na magari yanapita. Ndugu yangu, mimi nilisimama mahali unaposimama. Hatukuhukumu. Kesho asubuhi mimi na mama mmoja tutapita kwako na kayé mpya. Tutakaa kwenye mkeka, tutamsalimu yeye kwanza, kiisha tutakuuliza: ilianza wakati gani, na mbele ya ile alikuwaka namna gani?

Utatueleza. Juu wewe njo unajua.